Pini ya Kwanza

Tarehe 3 Machi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na lile jicho la kulia bado linakutii. Mimi sijambo, ila mshangao haujaniisha.

Bibi, karakana hii ya kushonea mifarishi ya viraka ina cherehani yenye fremu ndefu kuliko sebule yako! Kitambaa cha mgongo, kile cha upande wa chini wa mfarishi, hufungwa kwa pini kwenye turubai zilizoshikizwa rola mbili. Pamba ya kujazia na uso wa viraka hulazwa juu yake, kisha sindano husafiri kama inayojua iendako. Mbele yake, shahada yangu ya uhandisi wa nguo iliona haya.

Bosi wetu, tunayemwita Mama Fundi, ameridhia kwamba mfarishi wako wa mashati ya marehemu Babu uwe kazi yangu ya kwanza ya peke yangu. Ameniasa: mgongo ukikaa upogo, kila kikunjo kitashonwa humo, na kufumua kutayachana mashati yaliyochakaa. Usihofu. Nimekwisha kukokotoa vipimo vyote.

Mjukuu wako, Mhandisi

Tarehe 11 Machi

Mhandisi wangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, lakini mlangoni yananifikisha. Jicho la kulia limeingia ukungu, kama la kushoto kabla halijazimika. Miaka sita nimeyaunga yale mashati; nataka niyaone yamekamilika. Basi harakisha, ila usiiparamie kazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili; mara ya kwanza niliiona imevaa tai. Vipimo unavyo, sawa. Mbona hujaniambia pini ya kwanza unaichoma wapi?

Bibi yako

Tarehe 19 Machi

Bibi,

Shikamoo. Pole na jicho. Naandika kwa vidole vilivyotobolewa.

Nilianzia kona ya kushoto, nikikivuta kitambaa kila pini ili kinyooke. Nilipofika kulia, kitambaa cha upana wa vidole vinne kilibaki cha ziada, na katikati pamelegea kama tumbo la mbuzi aliyeshiba. Nikanyoosha mkono niwashe mashine, nikiamini rola zitarekebisha. Hapo nikalikumbuka swali lako, nikampelekea Mama Fundi. Akacheka: "Huyo bibi yako amewahi kufanya kazi hapa?"

Nikachomoa pini zote, mia na kumi na mbili. Nikakikunja kitambaa nusu kwa nusu, nikatia alama ya chaki kwenye mkunjo, nikaikutanisha na alama ya katikati ya turubai. Pini ya kwanza hapo. Nyingine kulia, nyingine kushoto, bila kuvuta, mpaka kona zikafika mahali pake zenyewe. Rola ilipozunguka, kitambaa kilitulia kama maji ya bakuli. Ndipo nikawasha mashine.

Uliijuaje, Bibi, mashine usiyowahi kuiona?

Mfarishi nimeutuma leo.

Mjukuu wako

Tarehe 2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Ninaandikiwa na jirani, kwa hiyo utani nimeupunguza.

Jicho limezimika Jumatatu. Mzigo umefika Jumatano. Usilie, nisikilize. Mashine siijui. Enzi zetu tuliutandika mgongo sakafuni, wanawake wanne, na mmoja akivuta, kwa mwenzake panakunjamana. Tukajifunza kuanzia katikati.

Nimeugeuza mfarishi, nikaweka kiganja pale ulipoanzia, nikasafiri mpaka pembeni, kulia na kushoto. Sikukutana na kikunjo hata kimoja! Sindano imeacha vijia, na vidole vinavifuata. Mahali pamoja nikahisi unene: mfuko wa shati la Babu yako. Nikakaa hapo kidogo.

Jirani ananiambia najifunika kinyumenyume, mashati chini, mgongo juu. Mwache aseme. Mashati nayajua. Upande huu ndio barua yako, nami bado naisoma.

Bibi yako