Mkwe Hatazamwi Usoni

Mama mkwe wangu, Mama Nyabwire,

Shikamoo. Najua ungeshtuka kuona nakuandikia moja kwa moja bila kupitia kwa binti yako. Miaka yote neno lako lilinifikia kupitia kwa Nyabwire, hata nilipokuwa nimekaa upande wa pili wa ukuta nikisikia kila kitu. "Mwambie mume wako chai imeiva." Nyabwire ananigeukia, ananiambia chai imeiva, nami namwambia amwambie mama asante. Tulikuwa na simu yetu isiyohitaji vocha. Sasa umeshaondoka, na nina jambo ambalo siwezi kulipitisha kwa mtu. Nivumilie.

Jumamosi ni maonesho ya kila mwaka ya chama chetu cha wachoraji hapa Musoma. Unatukumbuka, wale watu wazima wanaochora kwa chaki za rangi, pasteli, halafu wanarudi nyumbani na vidole vya kijani. Wiki nzima tuko ukumbini. Wengine wanakata kadibodi, wengine wanapigilia fremu, wengine wanabishana tu. Mimi nimepewa kazi ya kupanga picha, na ukuta wa mbele, ule anaouona mtu kwanza akiingia, nimeutaka kwa ajili yako.

Siku wazee wangu waliponileta kwako Guta kuposa, nilisahau kunawa chaki mikononi. Nikasikia sauti kutoka jikoni: "Mwambieni mgeni anawe mikono. Au ametoka kupiga lipu?" Wajomba wa Nyabwire walicheka hadi wakasahau mahari waliyokuwa wanadai. Sikukuona. Niliona mgongo wako tu ukipotea mlangoni, na nikainamisha macho kama nilivyofundishwa. Mkwe hakodolewi macho.

Lakini ninayoikumbuka kuliko zote ni ile siku ya tambara. Ulikuja Musoma kumwogesha mjukuu wako wa kwanza, nami kwa heshima nikahamia kwa jirani. Niliacha sebuleni picha ya ziwa lilivyo ukilitazama kutoka Nyegina, niliyoihangaikia mwezi mzima. Wewe, mwanamke usiyevumilia uchafu, ukaona karatasi imejaa vumbi. Ukachukua tambara bichi. Niliporudi kuchukua shati nilikuta ziwa lote limefutwa, karatasi safi kama sahani, na sauti yako uani ikimwambia binti yako, "Huyu mtu anawekaga picha na vumbi lake. Nimemsaidia."

Nyabwire alijifungia chumbani na mtoto, hajui acheke au alie. Alipokueleza kwamba lile vumbi ndilo lililokuwa picha, ulianza kukunja nguo zako. Mimi siwezi kumfokea mkwe, wewe huwezi kumwomba mkwe radhi uso kwa uso. Kesho yake ukarudi Guta, siku mbili kabla ya ulivyopanga, na mimi nikabaki na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Wiki haikuisha, kondakta wa basi la Bunda akanipigia simu nikachukue mzigo. Kiroba kizito. Ndani mna mifuko mitatu ya udongo: mwekundu wa kichuguu, mweupe wa mtoni, mweusi wa mbugani. Na ujumbe, kupitia kwa Nyabwire kama kawaida: "Mwambie mume wako, vumbi nililomfutia, hili hapa namrudishia."

Nilicheka, mama, nikacheka mpaka machozi. Kisha nikaanza kufikiri. Nikausaga ule udongo, nikauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu, nikaukanda kwa gundi ya mgunga, nikavingirisha vijiti na kuvianika kivulini. Vya kwanza vilimomonyoka. Vya pili vikawa vigumu kama misumari, vikachana karatasi. Vya tatu vikaandika. Nilipokutumia salamu kwamba udongo wako umekubali, jibu lilikuwa fupi: "Mwambie asimalize kichuguu chote, mchwa nao wanakaaga humo."

Tangu hapo kila msimu wa pamba kiroba kilikuja bila kuombwa. Nikawagawia wenzangu. Leo chama kizima, kuanzia hapa mjini hadi wenzetu wa Butiama, hakuna asiyejua "nyekundu ya Guta". Zamani tulikuwa tunasubiri mtu aende Mwanza atuletee chaki za boksi. Mwaka huu hakuna picha hata moja itakayotundikwa ambayo haina udongo wa pale kwako. Najivuna, mama. Najivuna waziwazi, na anayeona nazidisha aje Jumamosi ajionee.

Ndiyo maana nilitaka uwepo. Maonesho ya mwaka huu tumeyaita "Nyuso za Nyumbani". Nikakaa mbele ya karatasi nikagundua jambo lililoniuma: uso wako siujui. Hata siku ya mazishi nilisimama mbali, pamoja na wanaume, palipo pangu. Nyabwire alinipa picha ya kitambulisho chako. Nikaitazama, nikaona mama mmoja mgeni amekasirishwa na kamera. Nikaigeuza kifudifudi.

Basi nikachora ninachokijua. Umekaa mlangoni mwa jiko, unachambua pamba, umeupa ua mgongo. Bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Shingo ndefu, mikunjo miwili. Mgongo wako naujua kuliko ninavyoujua wangu.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa Nyegina, aliivua miwani na kuivaa tena. "Tumesema nyuso," akasema. "Mgongo una uso gani?"

"Ni mkwe wangu, mwalimu."

Akapiga makofi. "Kumbe ni mkwe! Basi ungemchora uso ningekutoa chamani. Lakini ukuta wa mbele sikupi mpaka mwenye mama aseme."

Jana nikamleta mwenye mama. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuposa sikuogopa hivyo. Kama binti yako angesema nimekuvunjia heshima, ningeichukua ile picha na kuifuta mwenyewe. Alisimama mbele yake muda mrefu, mkono mdomoni.

"Ulimwangaliaga mama yangu hivi?" akaniuliza, hajageuka.

"Alipokuwa amenipa mgongo. Huko ndiko nilikoruhusiwa."

Alisogea karibu na picha, akasema nayo kwa sauti ya chini, ile sauti ya jikoni: "Mama, mwambie huyu mtu wa chaki, kitambaa cha kichwa ulikuwaga unafungia kushoto."

Niliangalia. Kweli, fundo nililiweka kulia. Nami nikaigeukia picha. "Mwambie binti yako nimesikia."

Akacheka huku analia. Nikachukua kijiti cha nyekundu ya Guta, nikalihamisha fundo, nikalainisha kwa kidole. Pale pale picha ikawa wewe, hata mimi niliona. Mwalimu aliyekuwa anajifanya anahesabu misumari akasema, "Haya, ngazi iko wapi?"

Sasa uko juu, nyuma ya kioo, kwa hiyo tambara la mtu yeyote halikufikii. Asante kwa udongo, mama. Asante kwa Nyabwire. Na ziwa lile nilishakusamehe zamani, sikupata tu wa kumtuma.

Jumamosi watu watakapokuwa wanakushangaa, mimi nitakaa upande wa pili wa ukuta, pale ninapokaaga siku zote. Ukiwa na neno, mwambie Nyabwire. Nitasikia.

Pumzika vyema.

Mkweo,
mtu wa chaki