Suruali ya Bahati Niliifua Mimi

Shangazi Zipora, shikamoo. Naomba unijibu kwenye gazeti la Jumatano hii hii, maana Jumamosi wifi yangu anafukuzwa nyumbani kwa kosa langu, na mimi nimekaa kimya kama sijui lolote.

Mume wangu Mabula ni mchimbaji huku Geita, miaka tisa tumehangaika, mimi nikiuza chapati machimboni, yeye akitoka shimoni na vumbi tu, na dada yake Limi, ambaye ni mjane, alitupokea kwenye chumba chake kimoja akatulisha michembe ya viazi vitamu na maharage bila kununa hata siku moja, basi mwaka jana mwezi wa saba duara la Mabula, yaani shimo lake, likatema dhahabu, likatema haswa, Shangazi, tukajenga, tukamchukua Limi tukae naye, nikasema sasa nimepumzika, maana kila mtu hapa anasema mtu akipata hela anabadilika, nami nikasubiri mume wangu abadilike, nikasubiri, wapi!

Hajabadilika hata chembe! Amenunua ng'ombe sitini akawapeleka kwao Shinyanga, lakini sisi tunakalia viti vile vile vya plastiki, kimoja mguu umefungwa waya, ukimwambia sofa anasema ng'ombe anazaa, sofa linazaa nini, wakati mke wa mwenzake Pantaleo ana sofa la kona lenye mpaka pa kuwekea glasi. Na kubwa kuliko yote ni suruali. Wachimbaji wenzake wana mwiko wao, nguo uliyovaa siku duara lilipotema hufui, ukifua unaosha bahati, wengine huvumilia wiki mbili wakachoka, ila Mabula ameivaa miezi minane, ameenda nayo benki, ameenda nayo harusini, kanisani tunakaa benchi peke yetu na watu wamebanana kule mbele, akiivua hailali, inasimama yenyewe pembeni, nikiingia chumbani nadhani tuna mgeni.

Mwezi uliopita akaenda kuangalia ng'ombe wake akaiacha nyumbani isije ikaibiwa njiani, nami nikaitia kwenye beseni na sabuni ya unga, maji ya kwanza yalitoka kama uji wa ulezi, Limi akapita akaniona, akashika upande mmoja tukaikamua. Mabula akarudi Jumatatu, Jumanne duara likajaa maji, tangu hapo dhahabu hakuna. Aliinusa ile suruali, Shangazi, akalia! Alipouliza nani, ulimi ukaniteleza nikasema siku hiyo sikuwepo, kwa hiyo amebaki Limi, na Limi hajitetei, anafunga mizigo. Nimejaribu kuipaka matope irudi ilivyokuwa, haikusaidia, bado inanukia sabuni. Nikikiri nitafukuzwa mimi, na habari ya sofa alishaanza kulegea, alisema labda Pasaka. Nifanye nini? Au utajiri umemtia wazimu mume wangu?

Mama Edson, Geita

*

Marahaba, Mama Edson. Majina yenu nimeyabadilisha, tulia, ingawa kwa ile benchi ya kanisani waumini watawajua tu.

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza kuna nini, halafu nikafika pa Limi, kicheko kikaisha. Pole kwa hiyo suruali. Miezi minane si mchezo, mimi ningeichoma moto. Lakini hebu tuelewane. Unaniuliza kuhusu Mabula, na Mabula ni yule yule, umesema mwenyewe. Aliyebadilika ni wewe. Ulipokuwa unauza chapati ungeweza kumwangalia Limi akifunga mizigo kwa kosa lako, ukanyamaza? Chumba chake ulilala, michembe yake ulikula! Sofa umenielezea hadi pa kuwekea glasi. Limi hujaniambia hata anakwenda kuishi wapi.

Tena aliikamua hiyo suruali pamoja na wewe. Neno moja tu kwa kaka yake lingemwokoa, na hajalisema, anaondoka ili wewe ubaki na ndoa yako. Aibu nimeiona mimi kwa niaba yako.

Kuhusu maji shimoni: mwezi wa tatu mvua inanyesha Geita nzima na mashimo yanajaa. Au ulifua suruali za wachimbaji wote? Mabula akodi pampu, aache kunusa nguo.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, kabla hajatoka, pika chai, waite wote wawili wakae kwenye viti vya plastiki, wewe kaa kile cha waya. Sema, "Niliifua mimi, nikadanganya." Usianze na harufu, usianze na mvua. Atafoka, mwache afoke. Kisha mpigie magoti wifi yako, si suruali. Mumeo akikwambia ufungashe, fungasha, lakini kwanza mizigo ya Limi ifunguliwe na nguo zake zirudi kabatini, na uzirudishe wewe kwa mikono yako. Najua unaogopa. Hata Limi anaogopa, na yeye hana kosa.

Hayo matope uliyopaka yafue. Sofa lisahau mwaka huu. Na siku likija, usilikalie mpaka Limi akae.

Shangazi Zipora