Milioni Moja na Tatu

Mujukuu wangu Ilunga,

Barua yako ya Lubumbashi imefika. Huku Kolwezi tuko wazima, na goti la mama yako limepona. Unauliza kwa nini mwalimu, akitafuta kama namba kubwa ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, anaacha kujaribu mapema hivyo.

Mimi nilifunzwa hilo kwenye stesheni ya treni ya hapa, na Ngalula, rafiki yangu wa darasa. Wakati ule watu wa asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa huku kwetu, na familia yake ilingoja treni pale. Mama alinituma niwapelekee bukari, ugali wetu. Nikamkuta Ngalula anaandika kwa makaa juu ya sementi, anagawanya milioni moja na tatu aone kama ni tasa, kazi tuliyoachiwa shule ilipofungwa. Tukagawana namba za kujaribu.

"Tutasimama wapi?" nikauliza.

"Ku elfu moja. Namba za kugawanya zinaendaka mbili-mbili. Zote mbili zikipita elfu, ukizizidisha zinapita namba yetu. Kama moja iko munene, mwenzake mudogo tungekwisha kumukuta."

Treni ikaja kabla hatujafika elfu. Akanishika mkono. "Umalize, weye," akasema.

Nilimaliza nyumbani. Hakuna iliyoigawanya; ni tasa. Kisha nikarudia na zile alizofanya yeye, moja moja. Sikuwa na shaka naye. Nilitaka tu kukaa naye tena kidogo.

Mungu akuchunge huko uliko.

Kambo yako, nyanya yako Mwadi