Jiko la Shubiri Mbili

Dada Auma, hamjambo huko Nakuru?

Hapa Sindo fundi wa mabati na mama mfinyanzi wameungana kutengeneza jiko jipya. Fundi anakunja bati, mama anafinyanga udongo wa ndani. Kila mmoja alipima kwa shubiri yake, na fundi ana mikono kama makasia! Udongo ukacheza ndani ya bati, wakarushiana maneno, nusura waachane. Mama kwa hasira akajaza majivu kwenye pengo. Kumbe majivu huzuia joto lisitoroke; jiko likawaka ajabu! Chai ilichemka kabla ugomvi haujaisha.

Sasa kila mmoja anasema, "Hiyo ni akili yangu!" Mimi nawakubalia wote: mchana nakula samaki mkubwa wa mbuta kwa fundi, jioni dagaa wa omena kwa mama.

Nitakuletea jiko moja. Mungu akulinde, dada, ila usiwaombee wapatane kabla sijashiba.

Nduguyo, Ouma