Bi Joha Hanifu, Aliyesahauliwa na Kikohozi

Mjinga wa kisa hiki nilikuwa mimi, Mama. Mwaka umetimia tangu ututoke, na familia imenipa kalamu kwa sharti moja: nianzie hapo. Dada Stara amesimama nyuma yangu kuhakikisha.

Ulikuwa Bi Joha wa karanga, Ihumwa. Ulizifuata Kongwa, ukazichagua barazani, ukazipima kwa kopo linalofurika, kisha ukaongeza kiganja. Mteja akishukuru ulimwambia, "Hizo ni za kutafuna njiani, usimwonyeshe mumeo." Biashara zangu zilipoanguka, ya mitumba kwanza, halafu ya redio, ulinipokea kwa uji wa uwele na swali lile lile: "Safari hii umeleta nini, mwanangu, zaidi ya njaa?"

Ukazeeka. Kikohozi ulichokipata kwa vumbi la karanga kikawa kidogo, kama mgeni anayebisha hodi kwa aibu. Miaka hiyo maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila kona, yana chupa za kila rangi. Nikakuletea moja, tamu, ya kuzima kikohozi. Ikazima kweli. Nikawatangazia majirani: "Mnamsikia Mama? Kimya!" Na kwa heshima, kwa vile umechoka, nikakulaza kichwa mapajani kwangu nikakunywesha chai kwa kijiko. Hukukohoa hata mara moja. Nikajisifu kwamba hakuna anayejua kumlisha mzazi kama mimi.

Stara ndiye aliyesikia sauti yako imekuwa ya majimaji kila ukimaliza kula. Homa haikuwa ya kutisha. Ulisinzia tu, ukapumua mbio, ukamwita mjukuu wako Yusra kwa jina la dada yako aliyefariki zamani. Tukakukimbiza hospitali kwa pikapu ya jirani. Daktari akasema ni homa ya mapafu, na imekukalia vibaya. Nikabisha: "Mbona hakohoi?"

"Hilo ndilo baya," akasema, akiisoma ile chupa ya dawa ambayo Stara alikuja nayo. "Mtu akizeeka koo linazubaa. Chai ikikosea njia, wewe ungekohoa mpaka machozi. Yeye hashtuki, inashuka mapafuni pamoja na uchafu wa mdomoni. Na kile kikohozi kidogo kilichombakia, kuna mtu amekizima. Nani anamnywesha akiwa amelala?"

Stara alininyooshea kidole kabla sijapata uongo wa kufaa.

Ulipona, alhamdulillahi. Tukafundishwa: ukae wima, uinamishe kidevu kidogo unapomeza, matonge yawe madogo, uji mzito badala ya chai, mswaki kila baada ya kula, na usilale papo hapo. Ukanawiri. Ukarudi barazani kuchagua karanga ambazo hukuruhusiwa tena kuzitafuna, na kwa hilo ulitulaumu mpaka mwisho. Uliondoka usingizini, umeshapiga mswaki, umeshatuombea dua wote. Mimi uliniombea mara mbili, ukasema moja haitanitosha.

Tunaokukumbuka ni binti yako Stara, mimi mwanao Msafiri, mkweo Mishi, wajukuu zako Yusra na Amiri, ndugu zako wa Kondoa, na wateja ambao bado wanapita kuuliza kama kuna anayeongeza kiganja. Mwenyezi Mungu akurehemu. Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, na hasa saa ya kula, maana kila mara tunasimuliana mchana ule ulipotoka hospitali.

Stara alitaka uwe unakula chumbani peke yako, mlango umefungwa, kwa sababu mimi nitakuchekesha ukiwa na tonge mdomoni. Mimi nikasema mtu aliyekula sinia moja na wenzake maisha yake yote, ukimtenga atanyong'onyea.

"Bora anyong'onyee kuliko apaliwe!" akasema Stara.

"Utamuua kwa upweke!"

"Wewe umeshajaribu kumuua kwa kijiko!"

Ulikuwa na uji mdomoni. Ukakaa wima, ukainamisha kidevu, ukameza taratibu. Ukafungua mdomo tuone hauna kitu. Ndipo ukasema:

"Chumba changu cha kukaa kimya peke yangu kitachimbwa siku yake ikifika. Leo leteni sinia. Na huyu Msafiri, kila nikitafuna, mzibeni yeye mdomo."