Mguu wa Shemasi Aperamo

Mpendwa dada yangu Siniva,

Pokea salamu zetu sote wa huku kisiwani Savaii, wewe na shemeji na watoto hapo Brisbane. Natumaini baridi ya huko haijakurudishia kile kikohozi, na kama kimerudi chemsha majani ya mpera kama Mama alivyotufundisha, usijifanye Mzungu. Huku miili yetu ni mizima, ukimtoa mmoja, na wewe unamjua. Mimi siumwi, naogopa tu. Nimeogopa mpaka nimechoka kuogopa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema, maana hapa ukishika simu nyumba nzima hunyamaza ikusikilize. Binamu yetu Lusia anasafiri Jumamosi, atakukabidhi barua hii mkononi.

Ulisikia kwamba mume wangu alijikata mguu akifyeka uwanja wa kanisa. Mwenye kisukari mguu wake haumwambii kitu, dada. Aliendelea kuvaa soksi na viatu vyake vya Jumapili, akigawa meza ya Bwana kama kawaida yake, mpaka harufu ikamsema. Sasa amelazwa hospitali ya Apia, ng'ambo ya bahari, vidole vimekuwa vyeusi, na madaktari wanataka kumkata chini ya goti. Yeye hataki. Wasipomkata atakufa. Ndiyo habari yenyewe, nimeiweka mapema usije ukaruka mistari ukiitafuta.

Sasa nikueleze jinsi mimi mwenyewe nilivyoingia humo.

Unazijua sala za jioni za nyumbani kwetu. Kengele ikigongwa, vijana wa kijiji wakisimama barabarani kuzuia wapitao mpaka sala ziishe, sisi tuko mkekani, wimbo, zaburi, halafu Aperamo anaomba mpaka watoto wanasinzia. Siku alipopelekwa hospitali tuliimba, binti yangu Folole akasoma zaburi, kisha vichwa vyote vikainama na kukawa kimya. Nikamtazama mama mkwe, nikidhani yeye kwa ukubwa wake ataomba. Akaninong'oneza kwamba kifua chake hakina nguvu, na anayelala kwenye kitanda cha shemasi ndiye ashike na kazi yake. Kumbe kimya kile kilikuwa kinanisubiri mimi.

Dada, mimi ni mke wa shemasi, nimeenda kanisani tangu nikiwa tumboni, na pale ndipo nilipotambua kwamba sina hata neno moja la kwangu la kumwambia Mungu. Nikaazima maneno ya Aperamo. Nikaanza na Mwenyezi akaaye juu ya mbingu tisa za wazee wetu, nikashuka kwa manabii, nikamalizia kwa kuomba kwamba mtumishi wake arudishiwe mguu wake mzima, akanyage tena nyumba ya Bwana. Nyumba nzima ikaitikia amina kwa sauti moja. Mama mkwe akajifuta machozi, akasema kumbe naweza, nilikuwa nimewaficha tu. Sitakudanganya, kichwa kikanivimba. Jioni iliyofuata nikaongeza chumvi, na iliyofuata nikaongeza tena, na kila mara ule mguu ukawa mzima zaidi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mama mkwe kila asubuhi alikuwa akimpigia mwanawe simu na kumsimulia sala zangu neno kwa neno.

Wiki iliyopita nilivuka na feri kumpelekea chakula. Daktari wake, mwanamke wa makamo asiyezunguka maneno, akanivuta pembeni. Alisema sumu inapanda, na ikishapita goti hatakuwa na la kufanya. Alisema kila akimwambia Aperamo akubali, Aperamo humjibu angoje kidogo, kwa kuwa mkewe anauombea mguu na nyumba nzima imeitikia. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, "Mama, kwani wewe huko nyumbani unaomba nini?"

Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa namwua mume wangu kwa sala nzuri.

Nikaenda kitandani kwake, nikajikaza, nikamwambia akubali kukatwa. Akanitazama kama mtu aliyegeukwa. Akasema, "Wewe mwenyewe umeuombea mguu huu. Sasa unataka nikamwambie Mungu asijisumbue?" Wagonjwa wote wa chumba kile walikuwa wameacha kutafuna. Akaongeza kwamba kuanzia kesho nimpigie simu saa ya sala, niiweke spika katikati ya mkeka, maana anataka kusikia mwenyewe na kuitikia pamoja nasi. Kwenye feri nilirudi nimeshika chuma kwa mikono miwili, na bahari ilikuwa shwari.

Nikamwendea mchungaji. Alisema naye amejaribu, lakini akimwambia Aperamo akubali anaambiwa imani yake imepoa. Halafu akaniuliza mimi humwambia Mungu nini pasipokuwa na mtu wa kunisikia. Nikamjibu kwamba pasipokuwa na mtu huwa namenya magimbi. Hakucheka. Akasema basi nianzie hapo hapo kwenye magimbi.

Nikaanza huko jikoni nje, dada, na ukinicheka nitajua. Nilisema, "Mungu, ni mimi Meripa, mke wa Aperamo," kana kwamba hanijui, na nikaona haya mbele ya kuku. Siku ya kwanza sikufika mbali. Siku ya pili nilimwambia kwamba naogopa, basi. Nilikuwa sijawahi kumwambia hilo, kwa kuwa katika sala zetu hakuna anayeogopa, sote ni majasiri wa imani. Baadaye nikamwambia kwamba nimemkasirikia Aperamo kwa zile soksi zake, na kwamba nampenda mwanamume yule mwenye kiburi, na kwamba sina imani ya kuuponya mguu, sina kabisa, nilikuwa naigiza. Nilikuwa nangoja Mungu anipige. Hakunipiga. Nikaendelea kumenya, na ikawa kila nikishika kisu najikuta nimeshaanza kuongea naye.

Lakini jioni ikifika na simu ikiwa mkekani, nilirudi kwenye mbingu tisa. Jikoni naomba akatwe, mkekani naomba mguu uponywe. Niliogopa Mungu atachoka na mwanamke wa namna hii. Na nilimwogopa mama mkwe kuliko Mungu, hilo nalo nalisema wazi.

Ninalotaka kukuungamia ni nililofanya jana jioni, kwa sababu utalisikia kwa wengine, na wengine wanasema nimemlaani mume wangu mbele ya mama yake.

Simu ilikuwa mkekani. Nilisikia pumzi yake, nzito, si ya mtu anayepona. Folole akamaliza zaburi. Nikafungua kinywa niseme yale ya mbingu tisa, na hayakuja. Nikasema, "Mungu, ni mimi tena, yule wa jikoni." Mama mkwe akakohoa. Nikaendelea. Nikasema, "Nimekuomba mguu mbele ya watu kwa sababu watu walipenda. Sikuwa nakuambia ukweli. Ukweli ni kwamba sitaki mguu, namtaka yeye. Wamkate. Nitambeba, nitamwogesha, nitaketi naye nyuma kabisa kanisani. Kama huku ni kukosa imani, nikasirikie mimi, usimchukue yeye. Naogopa, Bwana. Usituache."

Mama mkwe alinifinya paja kwa kucha, bado lina alama. Nikasema amina. Hakuna aliyeitikia, dada. Hata watoto. Sala ya jioni isiyoitikiwa, sijawahi kuisikia tangu nizaliwe, na nilijua katika kijiji chetu maana yake ni nini. Ni kwamba nyumba imeyakataa maneno yako. Nilitazama ile simu nikadhani ameikata. Nilidhani nimepoteza mguu na mtu kwa pamoja.

Kisha sauti yake ikatoka, imekauka. Aliuliza kama mama yake bado yupo mkekani. Mama mkwe akajibu kwamba yupo, na kwamba amesikia aibu aliyotiwa na mkewe. Aperamo akasema, taratibu, kwa heshima yote, "Mama, itikia amina."

Yule bibi alilia kwanza. Kisha akaitikia. Baada yake Folole, na wadogo, na mwisho kabisa ikaja ya Aperamo kutoka kwenye simu. Akaniambia nikate simu, amwite muuguzi.

Mama mkwe tangu hapo hasemi nami ila kuomba chumvi. Daktari amepanga kumkata Ijumaa. Ameniambia moyo wake Aperamo ni dhaifu na sukari iko juu, kwa hiyo hakuna anayeniahidi kitu. Utakapoisoma barua hii atakuwa ameshakatwa, na yatakayofuata wewe utayajua kwa simu, mimi hapa nilipo siyajui. Bado naogopa. Leo asubuhi nilimwambia tena Mungu vivyo hivyo, na magimbi yakaisha nikabaki nimekaa tu naye.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto, na kina mama wa ushirika wenu uwape heshima zangu. Najua Jumapili watataka kutuombea, na najua wanavyoomba, wamelelewa kama sisi. Tafadhali simama uwaambie mapema, wasiombe mguu. Waombe mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Meripa