Mkalimani Aliyechaguliwa na Mama

Litumbandyosi,
Mbinga.
14 Juni 2024

Mpendwa Kaka Flaviani,

Shikamoo. Mwanza hamjambo? Wifi na watoto wanaendeleaje? Huku baridi imetukalia, lakini tu wazima. Kifua cha Mama kimetulia na anakula.

Najua unachongoja ni habari za shamba. Baba Mdogo Bernadi alishikilia kuwa marehemu Baba hakumwachia Mama, basi wiki iliyopita tukaitwa baraza la kata.

Kiswahili cha Mama unakijua, kinaishia kanisani na dukani. Alieleza yote kwa Kimatengo, na ukumbi mzima ukawa unaitikia kwa vichwa. Katibu hakuandika hata neno. Ametokea Singida, na kumbukumbu za baraza ni za Kiswahili. Mwenyekiti, Mmatengo mwenzetu aliyesikia kila kitu, akasema lazima apatikane mkalimani. Mimi nilikataliwa, eti ni mtoto wake.

Nilikasirika, Kaka. Kiswahili nakipenda, bila hicho nisingeelewana na mume wangu, Mnyasa wa Lundo. Lakini siku ile kilimwacha mama yetu nje ya mlango.

Mama akanyoosha kidole. "Bernadi anitafsirie." Watu wakacheka. Mwenyekiti akaruhusu, kwa kuwa ombi ni la Mama mwenyewe. Baba Mdogo akakubali upesi, nadhani aliona mbuzi kajileta mwenyewe kwa mchinjaji.

Sasa, mkalimani husema "mimi" kama msemaji mwenyewe. Tukamsikia mzee mzima na ndevu zake: "Mimi ndiye niliyechimba mashimo ya ngolo ya shamba lile, nikiwa na mimba ya Flaviani." Kicheko! Hata yeye alicheka.

Mama hakucheka. Akaendelea taratibu: siku ya mazishi ya Baba, Bernadi alisimama shambani akamwambia, shemeji, lima, hapa hakuna wa kukutoa.

Baba Mdogo akautazama ukumbi. Kupindisha asingeweza, watu walishasikia. Katibu alikuwa anamtazama, kalamu mkononi. Mwishowe Baba Mdogo akayasema yote kwa Kiswahili, kisha akaongeza la kwake: "Ni kweli, nilisema." Machozi yalinitoka, sikuyaficha. Shamba ni la Mama.

Wanakusalimu Shangazi Yuliana, mume wangu Tadei, na Baba Mdogo pia, aliyekuja Jumapili tukala naye ugali.

Mama anataka kuwaonyesha watoto wako mipaka mkija Desemba. Wafundishe Kimatengo, Kaka, hata kidogo. Bernadi alimtosha kwa siku moja. Wajukuu zake, anasema, hataki kuongea nao kwa kinywa cha mtu mwingine.

Mungu awalinde, awafikishe salama.

Mdogo wako akupendaye,
Serafina